Leso ni Pamba, si Wanga

Ukitoka Mji wa Kale ukaingia Barabara ya Biashara, iliyokuwa ikiitwa Bazaar, utaona leso zimetundikwa toka mlangoni hadi darini. Ni biashara kongwe hii. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887, na chapa yake ya "Mali ya Abdulla" yajulikana pwani nzima.

Mimi, kwa tamaa ya rahisi, sikufika madukani. Ramadhani ilikaribia, nami nikitaka kumpelekea mamangu leso ya kusalia. Mchuuzi wa njiani akanipa doti kwa nusu ya bei niliyoizoea. Ilikuwa ngumu, yang'aa, rangi zake zawaka. Kizuri chajiuza, nikasema moyoni.

Mama hakutazama maua wala hakusoma jina. Alishika pindo akalisugua vidoleni, vumbi jeupe likamwangukia gotini. Akaiinua dirishani, akaniona nilipokaa ng'ambo ya pili.

"Mwanangu," akasema, "umeninunulia wanga, hukuninunulia leso."

Tuliifua mara moja ikawa chujio. Asitirike nayo vipi mbele ya Mola wake? Ikaishia kuwa tambara la jikoni.

Kisa chenyewe ni hiki. Kitambaa cha rahisi hufumwa kwa nyuzi chache, na mapengo yakazibwa kwa wanga. Leso mpya nyingi hutiwa wanga, na hilo si kosa. Kosa ni wanga kufanya kazi ya pamba. Kuna na zile za poliesta: hazipauki upesi na hukauka haraka, lakini hazinywi jasho. Joto la kaskazi likipamba moto hunata mwilini, na kichwani huteleza.

Sisemi kila cha bei ndogo ni kibaya. Leso ya kupikia au ya kufulia si lazima iwe ya fahari, na si kila mfuko wamudu pamba nzito. Lakini aliye na kidogo ndiye asiyeweza kununua mara mbili. Bei ya leso haihesabiwi siku ya kuinunua, huhesabiwa kwa siku za kuivaa.

Na muuzaji naye ana lake. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umajimaji ndani, akamkanya mwenye mali kwa kuuficha chini. Uza pamba kwa bei ya pamba, na poliesta kwa jina lake. Mnunuzi achague akijua.

Basi, msomaji wangu, kabla ya kutoa pesa sugua pindo, inua kwenye mwanga, na ukiruhusiwa choma uzi mmoja: pamba huwa jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Leso niliyompelekea mama mara ya pili ilinigharimu maradufu. Idi mbili zimepita, na bado asalia hiyo.