Sura ya 6: Mgeni Anayechekesha Beijing

Kila nikisema hapa Goma kwamba kuna Mwafrika aliyejenga jina lake China kwa kuchekesha watu kwa Kichina, nasikia swali lilelile: anachekesha au anachekwa? Anayeuliza anaamini kwamba mtu mweusi akipanda jukwaani Beijing na kusema "nihao", ukumbi mzima unavunjika mbavu kwa sababu ya sura yake tu. Wafanyabiashara wa Birere, mtaa wetu wa biashara, waliorudi kutoka Guangzhou nao wanadai kwamba Wachina hawacheki kabisa. Imani hizo mbili haziwezi kukaa nyumba moja, na zote mbili ni za uongo.

Wasiwasi wa kuchekwa una msingi, sikatai. Februari 2018, katika onyesho kubwa la televisheni ya taifa la China la kukaribisha mwaka mpya wao, kulikuwa na mchezo uliohusu reli ya Mombasa na Nairobi. Mwigizaji wa Kichina alipakwa rangi nyeusi usoni, akawekewa makalio ya bandia na kubebeshwa matunda kichwani, ili awe mama wa Kiafrika. Pembeni yake alikuwa mtu aliyevikwa vazi la nyani. Huko ni kuchekwa, tena kwa dharau.

Lakini Mwafrika ninayemsema mimi ni Francis Tchiégang, Mkameruni anayejulikana China kwa jina la Jie Gai, na njia yake ni nyingine kabisa. Yeye alijifunza xiangsheng, sanaa ya mazungumzo ya kuchekesha iliyokulia Beijing na Tianjin. Kwa kawaida wanasimama watu wawili, aghalabu wamevaa kanzu ndefu, bila mapambo ya jukwaa wala muziki wa kuwafunika wakikosea. Mmoja anatupa maneno, mwenzake anayadaka, anashangaa, anapinga. Watu wa nje humsifu yule wa kwanza peke yake. Wenye sanaa wana msemo unaompa mtupaji sehemu tatu za kazi, na mdakaji sehemu saba.

Mwalimu wake alikuwa Ding Guangquan, aliyefariki mwaka 2018 baada ya miaka mingi ya kufundisha wageni sanaa hiyo. Na kuna zoezi moja la xiangsheng ambalo siwezi kulipita.

Linaitwa Baocai Ming, yaani kutaja majina ya vyakula. Mtu anamwahidi mwenzake karamu, kisha anaanza kuvitaja: kondoo wa mvuke, bata, kuku, samaki, hadi vyakula zaidi ya 200, kwa kasi inayopanda na pumzi zinazoibwa katikati bila msikilizaji kujua. Watazamaji wanaijua orodha tangu utotoni. Hawangoji kusikia chakula gani kinafuata, wanasikiliza kama ulimi utateleza. Anayetaka kuelewa asimame Birere amsikilize kijana anayeita abiria wa Signers, Katindo, Ndosho, Mugunga, Sake, mara thelathini bila kuchoka, halafu afikirie orodha ndefu mara arobaini, katika lugha ambayo kila silabi ina toni yake. Hapo sura yako haikusaidii kitu.

Na hizi toni ndizo zinazonifanya nikose uvumilivu, kwa sababu naambiwa kila wiki kwamba sikio la Mwafrika haliziwezi, au kwamba ulimi mwepesi ni dawa ambayo mtu alipewa na babu yake. Wengine wananiletea matangazo ya kujua Kichina kwa mwezi mmoja. Huo ni upuuzi. Chukua silabi mai. Ukiishusha na kuipandisha ni kununua, ukiiangusha kwa nguvu ni kuuza, na mfanyabiashara anayechanganya hayo mawili Guangzhou atapata hasara kabla hajapata aibu. Tang ya sauti ya juu iliyonyooka ni supu. Ukiipandisha kama unauliza, ni sukari. Mchekeshaji wa xiangsheng huishi katika pengo hilo: anasema neno moja, mwenzake anajifanya kusikia lingine.

Sasa niambie, hilo ni geni kwetu? Kinande kina toni, Mashi ina toni, Kinyarwanda kina toni. Katika Lingala, moto ni mtu au ni kichwa, kutegemea sauti inapopanda. Na hata urefu wa irabu hapa kwetu unachekesha: katika Kinyarwanda, gusura yenye u ndefu katikati ni kumtembelea mtu, na yenye u fupi ni kujamba. Mtoto wa Goma anapambanua hayo kabla hajaenda shule. Ni Kiswahili chetu ndicho kisicho na toni, na anayeanza Kichina akitegemea Kiswahili peke yake ameacha nyumbani masikio aliyopewa na mama yake.

Kwamba Wachina hawacheki, jibu lilishapita kwenye televisheni zetu wenyewe. Mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina yenye sauti za Kiswahili, "Doudou na Mama Wakwe Zake", na Machi 2013 Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam. Mwaka 2016 StarTimes iliendesha shindano Tanzania la kutafuta sauti kama hizo, na washindi wakaenda kufanya kazi Beijing. Vijana hao walikaa studio, wakimtazama mama mkwe wa Kichina akinuna mezani, na kazi yao ilikuwa kutafuta mguno ambao mama mkwe wa Tanga angeutoa kwa kosa lilelile, kisha kuuingiza kabla midomo ya yule wa Kichina haijafunga.