Kapi lililo ndani ya jicho

MADAKTARI wa macho wanapoutaja msuli uitwao ‘obliquus superior’, wagonjwa wengi husikia maneno mazito yasiyoeleweka. Hata hivyo, Kilatini hicho kina maana nyepesi.

Kila jicho la binadamu huzungushwa na misuli sita. Minne huitwa ‘rectus’, yaani ulionyooka, kwa kuwa hutoka nyuma ya tundu la jicho na kwenda mbele moja kwa moja. Miwili iliyosalia huitwa ‘obliquus’, yaani wa mshazari. ‘Superior’ ni wa juu. Kwa hivyo, jina zima lamaanisha msuli wa mshazari ulio juu.

Ajabu ya msuli huu ni njia unayoipitia. Huanzia nyuma, ukasonga mbele kwa upande wa pua, kisha kano yake hupenya katika kitanzi kidogo cha gegedu na kugeuka kurudi juu ya jicho. Kitanzi hicho huitwa ‘trochlea’, neno ambalo Warumi walilipata kwa Wagiriki. Maana yake ni kapi, kama lile ambalo mabaharia hupitishia kamba wanapotweka tanga.

Jina hilo halikutolewa kiholela. Baharia huvuta kamba chini, tanga likapanda. Vivyo hivyo, msuli huvuta kuelekea nyuma, lakini kutokana na kapi hilo, sehemu ya juu ya jicho iliyo nyuma huvutwa mbele, nalo jicho likatazama chini. Mwitaliano Gabriele Falloppio alikieleza kitanzi hicho katika kitabu chake cha mwaka wa 1561.

Neva ya nne ya ubongo, inayouamrisha msuli huu, nayo huitwa ‘trochlearis’, yaani ya kapi. Ni nyembamba mno na huweza kuumia mtu anapogongwa kichwani. Mwathiriwa huona kitu kimoja kama viwili, hasa anaposoma au kushuka ngazi, na mara nyingi huinamisha kichwa upande mmoja ili aone sawasawa. Mtoto aliyezaliwa na kasoro hiyo aweza kudhaniwa kuwa ana ugonjwa wa shingo, kumbe tatizo li jichoni.

Kasoro hiyo hutibiwa kwa miwani maalumu au upasuaji. Lakini anayeanza ghafla kuona vitu viwili viwili hafai kungoja. Amwone daktari mara moja.