Kuhama na Kurudi Salama: Saraka ya Kazi Katika Programu ya Kompyuta

Mwalimu akimwagiza mwanafunzi alete daftari lililo mezani, matokeo ya agizo hilo yatategemea mahali alipo mwanafunzi huyo. Akiwa maabara ataleta daftari la maabara, na akiwa maktaba ataleta jingine kabisa, ingawa agizo halikubadilika hata neno moja. Kompyuta nayo hutawaliwa na kanuni hiyo hiyo, na makosa mengi ya wanafunzi wanaoanza kuandika programu hutokana na kutoitambua.

Saraka ya kazi ni nini?

Mafaili ya kompyuta huhifadhiwa katika saraka, ambazo watu wengi huziita folda. Saraka moja yaweza kubeba nyingine ndani yake, mfano wa mti wenye matawi. Programu inapotekelezwa, mfumo wa uendeshaji huiundia mchakato, na kila mchakato huwa na saraka moja inayohesabiwa kuwa ndipo uliposimama. Hiyo ndiyo saraka ya kazi.

Faili laweza kutajwa kwa namna mbili. Njia kamili huanzia kwenye shina la mti, kwa mfano /shule/kidato3/alama.txt, nayo huelekeza kwenye faili lile lile popote mchakato ulipo. Njia tegemezi hutaja alama.txt peke yake, na mfumo hulitafuta faili hilo kuanzia kwenye saraka ya kazi. Programu ikihama, jina lile lile laweza kumaanisha faili tofauti.

Kisa cha Unix

Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, alieleza kisa kinachodhihirisha jambo hili. Unix ilianza mwaka 1969 katika kompyuta aina ya PDP-7. Hapo mwanzo kila mtumiaji alikuwa na mchakato mmoja tu, na chdir, yaani amri ya kuhama saraka, ilikuwa programu ya kawaida. Baadaye ukaongezwa uwezo ulioitwa fork, ambao huuwezesha mchakato kuzaa mchakato mwingine. Mara chdir ikaacha kufanya kazi.

Wataalamu waliichunguza programu kwa muda ndipo sababu ikabainika. Chini ya utaratibu mpya, kila amri ilitekelezwa na mchakato mtoto. Mtoto alihama saraka kama alivyoagizwa, kisha akafikia mwisho wake. Mzazi, yaani sheli inayopokea amri za mtumiaji, akabaki pale pale alipokuwa. Ilibidi amri hiyo iingizwe ndani ya sheli yenyewe, na hata leo amri ya cd hutekelezwa hivyo. Hivyo basi, saraka ya kazi ni mali ya mchakato. Mtoto huirithi kutoka kwa mzazi, lakini mabadiliko ya mtoto hayamfikii mzazi.

Hatari mbili

Chukua mfano wa programu ya shule inayohamia saraka iitwayo muda, ikafuta kila faili lililomo, kisha ikarudi kwenye saraka ya alama za mitihani. Hatari ya kwanza ni kuhama kushindikana, pengine kwa sababu saraka hiyo haipo. Programu isiyokagua matokeo ya kuhama itaendelea kufuta mahali ilipo, na alama za wanafunzi zitapotea.

Hatari ya pili ni kuhama kufanikiwa, kisha hitilafu ikatokea katikati ya kazi na kuuruka mstari wa kurudi. Programu ikiendelea baada ya hapo, itasoma na kuandika mahali pasipostahili. Kosa la namna hii ni gumu kuligundua, kwa kuwa kompyuta haitatoa onyo lolote: faili huandikwa vema, ila katika saraka nyingine, au hufunika faili jingine lenye jina kama lake.

Kanuni ya kurudi

Katika lugha ya Python kinga huandikwa hivi:

zamani = os.getcwd()
os.chdir("muda")
try:
    safisha()
finally:
    os.chdir(zamani)

Mstari wa kwanza hukumbuka mahali pa kuanzia. Wa pili huhama, na ukishindwa huibua hitilafu, hivyo safisha haitekelezwi. Sehemu ya finally hutekelezwa kazi ikifaulu au ikikwama. Tangu toleo la 3.11 la mwaka 2022, Python ina contextlib.chdir inayofanya kazi hiyo kwa mstari mmoja wa with.

Katika sheli ya Unix huandikwa (cd muda && rm *). Mabano huunda mchakato mtoto, na alama && huzuia ufutaji iwapo cd itashindwa. Tabia ile iliyowatatiza wataalamu wa Bell Labs hapa imegeuzwa kuwa kinga: mtoto huhama, hufanya kazi na kutoweka, na mzazi hana haja ya kurudi kwa kuwa hakuondoka.

Mipaka ya kanuni

Programu nyingi hugawa kazi katika nyuzi kadhaa zinazotekelezwa sambamba ndani ya mchakato mmoja. Kwa kawaida nyuzi hizo zote hushiriki saraka moja ya kazi. Uzi mmoja ukihama, nyingine zote huhamishwa nao bila kujua, na finally haiwezi kuzuia jambo hilo. Kwa hiyo, palipo na nyuzi nyingi, ni salama zaidi kutohama: programu itumie njia kamili, au ianzishe mchakato mtoto na kuutajia saraka yake ya kazi tangu mwanzo.

Zoezi la darasani

Wanafunzi waunde saraka mbili, kila moja ikiwa na faili liitwalo jina.txt lenye maneno tofauti. Waandike programu inayohama, inayosoma faili hilo, na inayosababisha hitilafu kwa kugawanya kwa sifuri. Hitilafu hiyo idakwe nje ya sehemu inayohama, kisha faili lisomwe mara ya pili. Waitekeleze programu hiyo kwanza bila finally, kisha pamoja nayo, na waeleze kwa nini maneno yanayosomwa mara ya pili hayafanani.