Gari la Kupe la Dizeli: Chunguza Kabla ya Kutoa Fedha

Usiku mmoja wa mwezi wa Shaaban uliopita, baada ya swala ya Isha, ndugu wawili wa jamaa yetu waliketi mbele ya kamati ya msikiti, kila mmoja akiutazama upande wake. Miezi minne kabla ya hapo walikuwa wakisimama safu moja, bega kwa bega. Kilichowatenganisha hakikuwa mpaka wa kiwanja wala posa iliyovunjika, bali gari: gari zuri jeusi la milango miwili, linalotumia dizeli, lililotoka Uingereza likiwa limekwisha kutumika. Mmoja aliliuza, mwingine akalinunua kwa karibu shilingi milioni 20. Na katika fedha hizo, kama tulivyokuja kujua baadaye, lilikuwamo fungu la mirathi la dada yake mdogo, binti wa miaka kumi na minne, aliyeachiwa kama amana.

Tumeomba idhini ya wote wawili kuieleza habari hii bila kuwataja, nao wameridhia, Allah awalipe kheri. Tunaiandika kwa kuwa vijana wengi wa majumba yetu wanayatamani magari ya namna hii, na wazee wao hawajui waanzie wapi kuwashauri.

Magari haya Wazungu huyaita coupé, na katika gereji zetu neno hilo limekuwa "kupe". Mzee mmoja wa kamati aliposikia jina hilo alicheka, akasema kwamba basi jina limepata mwenyewe, kwa kuwa kupe tumjuaye sisi hunyonya damu ya mwenye kumfuga. Tulicheka pamoja naye. Lakini hatusemi kwamba kila mwenye gari hili hunyonywa. Wapo waliolinunua kwa utulivu, wakalitunza, na likawatumikia vema. Tofauti kati yao na ndugu yetu ni uchunguzi wa siku mbili tu.

Kwanza tujiulize kwa nini gari la fahari huuzwa kwa bei ya kuvutia. Mwaka 2001 Waingereza walianza kutoza kodi ya magari kwa kuangalia kiasi cha hewa ya ukaa, na kwa kuwa dizeli hutoa hewa hiyo kidogo kuliko petroli, watu wengi walikimbilia dizeli. Ndipo yakaenea magari kama BMW 320d Coupe, Audi TT ya 2.0 TDI, Mercedes C220 CDI na Peugeot RCZ ya HDi. Kisha upepo ukageuka. Jiji la London lilianza mwaka 2019 kutoza ada ya kila siku magari ya dizeli yasiyofikia kiwango cha Euro 6, na mwaka 2023 eneo hilo likapanuliwa hadi kufunika mitaa yote ya jiji. Magari mengi ya kabla ya mwaka 2015 yakapoteza thamani huko. Kwa kuwa Waingereza huendesha upande wa kushoto kama sisi, baadhi yake yakapakiwa melini. Basi unafuu wa bei si lazima uwe dalili ya wizi wala ya bahati. Ni gari ambalo mwenyewe wa kwanza ameona gharama zake zinaanza kuzidi faida yake.

Pili, tujue kilichomo ndani. Injini ya dizeli ya kisasa si ile ya lori la zamani iliyovumilia kila kitu. Dizeli husukumwa kwenye nozeli kwa shinikizo linaloweza kufika baa 1,600 na zaidi, na kwenye bomba la moshi mna kichujio kinachokamata masizi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili kichome kinahitaji joto la safari ndefu yenye mwendo usiokatika. Anayekaa Mbagala na kufanya kazi Kariakoo, akisukuma gari kwa hatua katika foleni asubuhi na jioni, hampi kichujio nafasi ya kupumua. Aidha, viwango vya Afrika Mashariki vimekuwa vikiruhusu salfa hadi sehemu 50 katika milioni, ilhali magari ya Ulaya ya tangu 2009 yalibuniwa kwa mafuta yasiyozidi sehemu 10. Ndiyo maana swali la kwanza halihusu gari bali mnunuzi: unasafiri kiasi gani? Ikiwa kila wiki unakwenda Chalinze au Morogoro, dizeli itakufaa. Ikiwa safari zako ni za nyumbani, sokoni na msikitini, gari dogo la petroli ni rehema kwako.

Wapo mafundi wanaoshauri kichujio kikatwe na kutupwa. Hatuliungi mkono jambo hili. Moshi mweusi utakaotoka utaingia katika vifua vya watoto wa jirani, na sheria yetu haimruhusu mtu kujiondolea taabu kwa kumdhuru mwenzake.

Tatu, tuje kwenye uchunguzi wenyewe. Nenda asubuhi, mchana, jua likiwa bado lipo, wala usikubali kuoneshwa gari usiku. Gusa boneti kabla ya kuwasha. Ikiwa ni ya moto, injini imekwisha kupashwa, na huenda kuna kinachofichwa. Omba urudi kesho. Injini ya dizeli husema kweli inapokuwa baridi.

Unapofungua swichi kabla ya kuwasha, taa ya injini kwenye dashibodi sharti iwake, kisha izimike injini inapounguruma. Isipowaka kabisa, kuna aliyeizima kwa hila. Tazama moshi: mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto, wa buluu wenye harufu ya oili, au mweusi mzito unapokanyaga mafuta, yote ni maonyo. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli, ujue kichujio kimeshindwa kujisafisha na mafuta yanavuja kuingia katika oili.

Sikiliza pia. Katika injini ya BMW iitwayo N47, iliyotumika katika 320d kuanzia mwaka 2007, mnyororo wa taimingi umewekwa nyuma, upande wa giaboksi. Ile ya miaka ya mwanzo inajulikana kwa mnyororo kuchakaa, na ukikatika injini huharibika vibaya. Kuubadilisha ni kazi kubwa kwa sababu ya mahali ulipo. Ukisikia mkwaruzo upande huo, ondoka kwa salamu. Kwa magari yanayotumia mkanda wa taimingi badala ya mnyororo, dai risiti ya ulipobadilishwa mara ya mwisho. Penye giaboksi ya kawaida, kama injini inagonga ikiwa imesimama na mgongo huo unanyamaza ukikanyaga klachi, flaiwili imechoka, na si kitu cha bei ndogo.

Kisha inama utazame chini. Gari hili liko karibu na ardhi, na matuta yetu hayakulihesabu. Angalia sehemu ya chini ya oili kama imekwaruzwa au kuchomelewa, ringi kama zina ufa, na matairi yana umri gani. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Uliza pia kama lina tairi la akiba, maana mengi hayana.

Usiende peke yako. Mchukue fundi wako, si wa muuzaji, na umlipe ujira wake hata kama hukununua, ili ulimi wake uwe huru. Mwambie alichomeke kwenye kompyuta ya kupimia. Mashine hiyo haisomi hitilafu tu. Huonesha pia kama kumbukumbu zimefutwa karibuni. Kumbukumbu iliyofutwa jana ni ushahidi wenyewe.

Nne, karatasi. Linganisha namba ya chesesi iliyo garini na iliyo kwenye kadi, na jina la kadi na kitambulisho cha anayekuuzia. Hakikisha kwamba gari halina deni la faini wala halikuwekwa rehani. Kama ndiyo kwanza linaagizwa, hesabu ushuru kwa kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato kabla ya kutuma fedha. Na kwa gari lililotoka Uingereza ipo faida ambayo wengi hawaijui: ukipata namba yake ya usajili ya huko, unaweza kutazama bure katika tovuti ya serikali yao kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka, pamoja na maili zilizosomwa siku ya ukaguzi. Kumbuka kwamba hizo ni maili. Maili 100,000 ni kama kilomita 161,000. Mita inayosoma kilomita ikionesha pungufu ya hapo, imerudishwa nyuma.

Tano, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa msikiti, ni hukumu za biashara. Sote tunaikumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, akakuta umajimaji chini ya kilicho kikavu juu, na jinsi alivyomkemea mwenye kuuza. Gari lililopakwa rangi juu na kufutwa makosa ndani halitofautiani na rundo lile. Wengine huandika kwenye mkataba kwamba gari limeuzwa "kama lilivyo", wakidhani wamejitoa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, sharti hilo halimwokoi muuzaji kwa kasoro anayoijua akaificha. Mnunuzi ana hiari ya kurudisha. Lakini naye ana wajibu: akiigundua kasoro, asiendelee kulitumia gari kana kwamba ameridhia, maana hiari yake huanguka.

Andikianeni, na muweke mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote, imeshuka kwa ajili ya mambo haya. Na fedha zisipotosha, tusikimbilie mkopo wa riba kwa ajili ya pambo. Atakayeuziwa na benki kwa njia ya murabaha aulize kama benki imelimiliki gari kwanza ndipo ikamuuzia. Jina la Kiarabu peke yake halihalalishi kitu.

Mwisho, shauriana na wa nyumbani kwako. Gari la milango miwili lina viti vya nyuma ambavyo bibi mwenye maumivu ya magoti hawezi kuvifikia, na mama mwenye mtoto mchanga atahangaika kila safari. Uzuri si haramu. Lakini gari la familia lisiloweza kubeba familia lafaa lisubiri.

Turejee kwa ndugu zetu wawili. Mnunuzi alikwenda kulitazama gari jioni, akalikuta linaunguruma tayari, akalipa usiku uleule. Siku ya tatu taa ya injini iliwaka. Badala ya kusimama na kumpigia muuzaji, aliendesha hadi Tanga kwenye harusi, na wakati wa kurudi injini ikafia njiani. Muuzaji alikana kujua lolote. Tulimwita fundi wake, kijana mcha Mungu, naye akasema mbele yetu, kwa sauti ndogo, kwamba alizifuta kumbukumbu asubuhi ya siku ya mauzo kwa ombi la mwenye gari. Ukumbi ulinyamaza.

Muuzaji alificha, na mnunuzi aliendelea kutumia baada ya kujua. Kurudisha kulikuwa kumekwisha kupotea, ikabaki suluhu. Baada ya vikao vitatu, muuzaji alikubali kubeba nusu ya gharama za injini, naye mnunuzi aliandika mbele ya mashahidi kwamba fungu la dada yake ni deni juu yake, atakalolipa kila mwezi hadi litimie kabla binti hajafikia umri wa kukabidhiwa mali yake. Daftari la malipo hayo linatunzwa katika ofisi yetu. Mpaka tunaandika makala haya amekwisha kulipa miezi mitano, bila kukosa hata mmoja.

Gari bado liko gereji, limefunikwa turubai. Wao wawili wamerudi kusalimiana, ingawa safu wanazosimama bado si moja. Tunawaombea hilo pia. Na tunamwomba kila kijana aliyekwisha kuweka picha ya gari la namna hii katika simu yake aangalie kwanza fedha anazoshika ni za nani, kisha aguse boneti asubuhi, ikiwa ya baridi.

Wabillahi tawfiq.