Kwa nini Camry imenenepa, na mnunuzi wa Premio anahusikaje

Toyota Camry mpya iliyozinduliwa Marekani mwezi Novemba 2023 ina urefu wa takriban mita 4.92 na upana wa mita 1.84. Camry ya mwaka 1982, ya kwanza kuvutwa na magurudumu ya mbele, ilikuwa na upana wa mita 1.69 tu. Kwa maneno mengine, katika miaka 41 gari lenye jina lile lile na kazi ile ile ya kubeba familia limeongezeka upana kwa sentimita 15.

Kwa mnunuzi wa Arusha, Nakuru au Kampala hizi si takwimu za kujifurahisha. Ukubwa wa gari unaingia kwenye nauli ya meli, na ukubwa wa injini unaingia kwenye ushuru. Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo yalitoka wapi na yanamgusa vipi mtu anayeagiza gari kupitia Mombasa au Dar es Salaam.

Mstari wa mita 1.70

Japani hugawa magari ya abiria kwa vipimo. Gari lisilozidi urefu wa mita 4.70, upana wa mita 1.70, kimo cha mita 2.00 na injini ya petroli ya cc 2,000 huhesabiwa kuwa dogo, na namba yake ya usajili huanza na tarakimu 5. Likizidi kipimo hata kimoja, linahamia kundi la tarakimu 3. Kabla ya mageuzi ya kodi ya mwaka 1989, wenye magari ya kundi hilo la pili walilipa kodi kubwa zaidi ya mwaka. Ndiyo sababu saluni nyingi za Japani tulizozizoea zina upana wa milimita 1,695: wahandisi walibakiza milimita tano tu kabla ya kugusa mstari.

Wamarekani hawana mstari huo. Wao hupima nafasi ya abiria na mizigo kwa pamoja: gari lenye futi za ujazo 110 hadi chini ya 120 ni la ukubwa wa kati, na kuanzia 120 ni kubwa. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 Toyota iliigawa Camry. Wajapani wakauziwa nyembamba, na Marekani ikapata pana ya mita 1.77, ambayo nchini Japani iliitwa Scepter. Baadaye ile nyembamba ikaachwa, ikabaki ya Kimarekani.

Urefu wa nje si nafasi ya ndani

Hapa wanunuzi wengi hukosea. Camry pana ya mwaka 1991 ilikuwa na urefu wa mita 4.77, lakini umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa mita 2.62. Premio ya mwaka 2007 ina urefu wa mita 4.60 tu, ila umbali huo ni mita 2.70. Gari fupi lina ekseli zilizoachana zaidi, na hapo ndipo miguu ya abiria wa nyuma hupata nafasi. Urefu uliobaki kwenye Camry ulikuwa wa pua na buti.

Upana ndio unaoleta tofauti ya kweli kwa watu watatu wanaokaa kiti cha nyuma. Kwa hilo Camry inashinda bila ubishi.

Sura mpya, mifupa ile ile

Muundo wa mwaka 2017 ulishusha boneti na paa ili gari lionekane la michezo zaidi kuliko la mzee wa familia. Ule wa 2023 ulibadilisha taa na bampa, lakini umbali kati ya ekseli ulibaki mita 2.825 kama awali. Urefu uliongezeka kwa takriban sentimita tatu. Badiliko kubwa liko chini ya boneti: Marekani sasa inauziwa Camry za haibridi tu, zenye injini ya cc 2,487.

Paa likishuka, abiria mrefu wa nyuma huinamisha kichwa anapoingia. Pua ndefu iliyo chini nayo haipatani na matuta yetu. Mnunuzi apime hayo kabla ya kuvutiwa na picha.

Hesabu ya meli na ushuru

Meli za kubeba magari hutoza nauli kwa mita za ujazo. Zidisha urefu, upana na kimo: Premio inafikia takriban mita za ujazo 11.5, na Camry iliyouzwa Japani kuanzia 2017 takriban 13. Hiyo ni nyongeza ya kama asilimia 13 ya nauli kabla gari halijaguswa na forodha.

Kwa Tanzania, mpaka wa ushuru wa bidhaa kati ya asilimia 5 na 10 umekuwa kwenye cc 2,000 kwa miaka mingi. Injini zote tatu za Premio, za lita 1.5, 1.8 na 2.0, zinapita chini ya mpaka huo. Camry ya cc 2,487 haipiti.

Akiba inapungua

Tatizo ni kwamba saluni za kipimo cha zamani hazitengenezwi tena kwa wingi. Mark X ilifika mwisho mwaka 2019, Premio na Allion mwaka 2021, na Camry yenyewe iliondolewa soko la Japani mwishoni mwa 2023. Hata Corolla ya Japani ya mwaka 2019 ina upana wa milimita 1,745.

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Kanuni hiyo isipobadilika, Premio zilizosajiliwa 2021 zitafunga mlango wa Mombasa mwishoni mwa 2028. Uganda, yenye kikomo cha miaka 15 tangu 2018, ina muda mrefu zaidi. Tanzania haifungi mlango, bali hutoza zaidi magari yenye umri mkubwa.

Camry za Marekani na za Ghuba haziwezi kuziba pengo hilo kwa wote. Usukani wake uko kushoto, unaofaa Rwanda na Kongo wanakoendesha upande wa kulia. Kenya haisajili magari hayo ila kwa kazi maalumu.

Kwa hiyo mwenye kutaka saluni ya familia asiulize bei ya yadi ya Japani pekee. Aulize vipimo vitatu vya nje, umbali wa ekseli, cc na mwaka wa usajili wa kwanza. Bei ya kweli inajulikana baada ya majibu hayo.