Chama au wingi wa watu: Nini kinaharibu miji yetu?

MWEZI uliopita nilivuka mpaka pale Lunchinda, nikapita Chiengi na Kashikishi hadi Mantapala, kumtembelea mdogo wangu ambaye bado anaishi huko na watoto wake wanne. Yeye ni mfanyabiashara wa chisense. Hununua Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru, na kuuza popote anapopata bei. Baada ya salamu na habari za nyumbani, aliniuliza jambo moja: "Yaya, tukirudi Pweto, mji utatubeba?"

Swali hilo lina sababu. Kwetu ng'ambo ya pili kuna kauli mbili ambazo nazisikia kila wiki, sokoni na hata kwenye chumba cha walimu. Ya kwanza inasema mji umeharibika kwa sababu waliorudi kutoka Zambia ni wengi mno. Ya pili inasema tusubiri chama kibadilike, mji utanyooka wenyewe. Kauli ya kwanza inamgeuza aliyerejea kuwa mzigo katika nchi aliyozaliwa. Ya pili inamfanya mwananchi akunje mikono mpaka uchaguzi mwingine. Mdogo wangu amezisikia zote mbili, na ndiyo maana hadi leo hajaandikisha jina lake.

Nilimwambia anipe muda nifikiri. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa wengine wenye swali kama lake.

Vyama vitano, foleni moja

Mimi nilivuka kwenda Zambia mwaka 1999 nikiwa na miaka 14, nikasoma katika kambi ya Mwange, wilaya ya Mporokoso. Wakati huo nchi ilitawaliwa na MMD. Nilirudi Pweto mwaka 2008, tukiwa chini ya PPRD ya Rais Joseph Kabila. Mwaka 2017 vita vikatufukuza tena, tukapokelewa katika kituo cha Kenani na baadaye tukahamishiwa Mantapala, enzi za chama cha PF. UPND ilipoingia madarakani Agosti 2021 nilikuwa bado nafundisha Mantapala. Misafara ya kurejea kwa hiari kutoka Mantapala kwenda Pweto ilianza Desemba 2021, nami nikapanda gari mwaka uliofuata, nikaikuta Kongo ya UDPS.

Hivyo ni vyama vitano. Katika vyote nimeona foleni ile ile ya ndoo mahali maji yalipokuwa haba, na nimelipa ushuru ambao sikujua unakwenda wapi. Lakini maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuwa ushahidi. Tutazame miji ambayo wafanyabiashara wetu wanaifahamu.

Lusaka na Dar es Salaam

Lusaka imeonja kila mchanganyiko. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2006, PF iliongoza halmashauri ya jiji wakati serikali kuu ilikuwa ya MMD. Kuanzia 2011 hadi 2021, PF ilishika jiji na ikulu. Mwaka 2021 UPND ilichukua ikulu, lakini wananchi wa Lusaka wakamchagua Chilando Chitangala wa PF kuwa meya.

Je, kipindupindu kilichagua chama? Kilikuja mwaka 2010. Kikarudi mwishoni mwa 2017, ambapo zaidi ya watu 5,000 waliugua. Jeshi lilipelekwa mitaani kuwaondoa wachuuzi na soko la Soweto likafungwa kwa muda; wenye mizigo ya samaki huko wanakumbuka hasara yake. Kikarudi tena Oktoba 2023, na safari hiyo nchi nzima iliripoti wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 700. Uwanja wa Heroes uligeuzwa kituo cha matibabu.

Chanzo kilikuwa kile kile. Mitaa kama Kanyama imejengwa juu ya mwamba wenye nyufa, vyoo vya shimo viko karibu na visima vifupi, na mvua ikinyesha uchafu wa huku unaingia kule. Anayeondoa hatari hiyo ni bomba la maji safi na mfereji wa majitaka. Vitu hivyo hugharimu fedha nyingi kwa miaka mingi, kuliko kipindi cha meya mmoja.

Dar es Salaam nayo ina somo lake. Baada ya uchaguzi wa 2015 upinzani ulipata madiwani wengi, na Machi 2016 Isaya Mwita wa Chadema akachaguliwa kuwa meya wa jiji. Mwaka huo huo serikali kuu iliamua kwamba kodi ya majengo, ambayo ni chanzo kikubwa cha mapato ya miji, ikusanywe na Mamlaka ya Mapato, TRA, badala ya halmashauri. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja halmashauri ya jiji, na Manispaa ya Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Sitaki kuhukumu nia ya mtu. Ninachosema ni kwamba meya asiyeshika mfuko ni sawa na nahodha aliyenyang'anywa kasia. Akiwa wa CCM au wa Chadema, mtumbwi utakwenda unakopelekwa na upepo.

Marekani wataalamu wamelipima jambo hili kwa hesabu. Mwaka 2009 Fernando Ferreira na Joseph Gyourko walichapisha utafiti wa chaguzi za mameya tangu 1950. Walilinganisha miji ambayo chama kimoja au kingine kilishinda kwa kura chache, na hawakuona tofauti ya maana katika ukubwa wa bajeti, mgawanyo wa matumizi wala kiwango cha uhalifu. Utafiti mwingine wa mwaka 2016 uliona tofauti kiasi, kwamba mameya wa Democratic hutumia zaidi na kukopa zaidi. Kwa hiyo chama si bure kabisa. Lakini Ferreira na Gyourko walitoa maelezo ambayo mfanyabiashara wa mpakani atayaelewa haraka: mji ukitoza sana na kutoa kidogo, watu na biashara huhamia mji wa jirani, na meya analijua hilo. Nasi tunafanya hivyo hivyo. Ushuru ukizidi gati moja, mitumbwi hutafuta gati jingine.

Na wingi wa watu?

Hapa ndipo panapouma kwa sisi tuliorudi. Ni kweli watu wakiongezeka ghafla, madarasa hujaa. Mimi mwenyewe nafundisha watoto wanaokaa watatu kwenye benchi la wawili. Lakini wingi una upande wa pili. Bomba moja kuu likihudumia nyumba 500, kila nyumba hubeba gharama ndogo kuliko likihudumia nyumba 50. Soko lenye meza 300 huingiza ushuru mwingi kuliko lenye meza 30. Kila aliyerudi na kufungua meza ya unga, sabuni au samaki ni mlipaji mpya wa ushuru. Kama mlipaji huyo anaitwa mzigo, basi tuulize fedha yake imekwenda wapi.

Zambia imetoa mfano mzuri. Mwaka 2022 Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, CDF, ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi kwacha milioni 25.7 kwa kila jimbo katika majimbo 156 yaliyokuwapo. Nchelenge, ngome ya zamani ya PF, ilitengewa kiasi kile kile ilichotengewa Kanyama yenye msongamano mkubwa, na kile kile kilichotengewa majimbo ya Kusini yanayoipigia UPND. Chama hakikuhesabiwa, na idadi ya watu haikuhesabiwa.

Kama udogo wa mji ungekuwa dawa, majimbo madogo yangeng'ara mwaka ule ule, maana kwa kichwa kimoja yalipata zaidi. Haikuwa hivyo. Mwaka wa kwanza sehemu kubwa ya fedha hizo ilichelewa kutumika nchini kote, kwa sababu ya idhini zilizopaswa kupita ngazi za juu na taratibu za zabuni ambazo halmashauri nyingi hazikuwa na wataalamu wa kuziendesha. Fedha ilikuwapo, watu walikuwapo, lakini mikono ya kazi ilikuwa haijaandaliwa.

Kwetu Kongo hali ni ngumu zaidi. Zambia, tangu mwaka 2016, mwenyekiti wa halmashauri huchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Kwetu msimamizi wa teritwari huteuliwa, na meya wa jiji huteuliwa. Desemba 2023 madiwani wa komini walichaguliwa, lakini katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Katiba ya mwaka 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka jimboni ibaki jimboni, na sheria ya 2008 inazipa serikali za mitaa asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua chini ya kila serikali tangu wakati huo.

Haki inanidai nitaje pia Kampala. Mwaka 2011 Erias Lukwago wa upinzani alichaguliwa kuwa meya, lakini kwa sheria mpya ya mwaka 2010 usimamizi wa kila siku ulikabidhiwa mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais, Jennifer Musisi. Mapato ya jiji yaliongezeka na barabara kadhaa zikatengenezwa. Wakati huo huo wachuuzi walifukuzwa mitaani, na hawakuwa na kura ya kumwondoa mkurugenzi. Kwa hiyo aliyeteuliwa anaweza kufanya kazi, na aliyechaguliwa anaweza kulala. Tofauti ni kwamba huyu wa pili kuna siku ya kumwamsha.

Visima viwili vya Mantapala

Sasa nirudi Mantapala, mahali ambapo chama hakikuwapo. Sisi wakimbizi hatukupiga kura ya Zambia, na siasa za vyama hazikuruhusiwa. Lakini watu tulikuwa maelfu, na maji lazima yachotwe.

Karibu na nilipoishi palikuwa na visima viwili vya pampu. Cha kwanza kilihudumia kaya nyingi. Kamati yake iliniomba mimi, kwa kuwa ni mwalimu, niandike hesabu kwa chaki kila Jumamosi kwenye ubao mkuukuu uliotundikwa mtini: nani ametoa mchango, kiasi gani kipo, vipuri vimenunuliwa kwa bei gani. Mara mbili wanakamati walishindwa kueleza kwacha chache, na mara mbili wakabadilishwa bila ugomvi. Pampu ikiharibika, haikupita siku tatu bila kutengenezwa.

Kisima cha pili kilihudumia kaya chache zaidi. Mwenyekiti wake alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, na daftari alilitunza chini ya godoro. Siwezi kusema aliiba. Hata hivyo watu walianza kunong'ona, kisha wakaacha kuchanga, na pampu ilipokufa ilikaa miezi bila kutengenezwa. Watoto wa upande ule walikuja kujipanga kwenye foleni yetu, na baadhi ya wenzetu wakaanza kulalamika kwamba ni wengi mno.

Lawama ile wageni ndio huibeba mahali popote pale. Pampu hufa mikononi mwa mtu mwingine, halafu aliyekuja na ndoo ndiye anayeambiwa amejaza foleni.

Maswali matatu

Kwa hiyo ndugu zangu mliorejea, nanyi mnaovuka na magunia kila wiki, nawaomba tuache kuuliza kwanza chama gani kinatawala au watu ni wangapi. Tuulize maswali matatu. Fedha ninayotoa naandikiwa risiti, na risiti ina namba? Hesabu ya fedha hiyo inasomwa wapi, na lini? Na asiyeweza kuieleza anaondolewa na nani?

Maswali haya hayahitaji kadi ya chama. Wenye meza sokoni wanaweza kuyauliza kupitia kamati yao, kwa heshima, wakiwa wengi. Hapo wingi wetu ndipo unapokuwa nguvu, kwa sababu mtu mmoja anayedai risiti huitwa mkorofi, lakini meza mia mbili zikidai kwa pamoja mkusanyaji hulazimika kutafuta kitabu.

Yote haya nilimweleza mdogo wangu siku ya kuondoka, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha nyumba yake. Alisikiliza akipepeta chisense, kisha akauliza, "Na huko sokoni Pweto, hesabu zinasomwa?"

Nilimjibu ukweli kwamba bado. Tumeiomba kamati ya soko mara mbili, na tumeahidiwa.

Alinyamaza kidogo. "Basi zikisomwa, nitumie ujumbe," akasema. "Nitakuja na watoto na meza yangu. Ushuru nitalipa."