Umri wa Kujiunga na Polisi Ukipita, Milango Gani ya Ulinzi Imebaki Wazi?

Mwananchi aliyelima kabichi na karoti Lukozi kwa miaka ishirini, au aliyefanya biashara Mlalo tangu ujana wake, anaweza kufikia umri wa miaka 40 akatamani kuiacha kazi hiyo na kuwa askari polisi. Nia hiyo ni njema, lakini inafaa ajue mapema sheria na taratibu zinasemaje.

Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi ya miaka ya karibuni yameweka kikomo cha miaka 25 kwa mwombaji mwenye elimu ya kidato cha nne, na miaka 30 kwa mwenye shahada. Anayechaguliwa hupelekwa katika Shule ya Polisi Moshi kwa mafunzo ya kijeshi, kisha hutarajiwa kulitumikia taifa kwa miaka mingi.

Kwa sababu hiyo, mtu yeyote atakayekuahidi kwamba kwa kiasi fulani cha fedha umri wako "utarekebishwa" ni tapeli. Usiuze shamba wala ng'ombe kwa ahadi hiyo. Kughushi cheti cha kuzaliwa ni kosa la jinai, na kutoa rushwa ni kosa kama kuipokea. Toa taarifa kituo cha polisi, au piga simu TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Hata hivyo, milango mingine ya kulinda jamii ingali wazi.

Mlango wa kwanza ni Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25 wanaochaguliwa kila baada ya miaka mitano. Mgombea anatakiwa awe ametimiza miaka 21, na hakuna ukomo wa juu wa umri. Miongoni mwa kamati zake za kudumu imo Kamati ya Ulinzi na Usalama. Hapo busara ya mtu mzima anayezijua familia, mipaka ya mashamba na njia za msituni ina thamani kubwa.

Mlango wa pili ni ulinzi shirikishi. Vikundi vya doria huundwa na wananchi wenyewe kwa kushirikiana na serikali ya kijiji na Mkaguzi wa Polisi wa Kata.

Mlango wa tatu ni mafunzo ya Jeshi la Akiba, yaani mgambo, ambayo masharti yake hutangazwa kupitia ofisi za vijiji na kata. Ieleweke kwamba kuhitimu mgambo si ajira wala ahadi ya mshahara.

Anayeingia katika ulinzi huu azingatie mipaka yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, lakini humtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Mlinzi wa kijiji hana mamlaka ya kumpiga mtuhumiwa, kumtoza faini wala kumfungia nyumbani kwake. Aliyeshikwa na mbao zinazodhaniwa kuvunwa katika msitu wa Magamba ni mtuhumiwa tu mpaka mahakama iamue. Mlinzi anayesahau hilo huweza kusimama kizimbani yeye mwenyewe.

Mwenye nia na afike kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata yake akiwa na kitambulisho. Kwa tukio la dharura, piga 112.